Nge mmoja, watu wawili: uchambuzi wa kisa cha usiku mmoja magharibi ya Arusha

Usiku mmoja wa Novemba, mvua za vuli zilipoanza kushika, nge mmoja aliuma watu wawili wa nyumba moja kwenye tambarare iliyo magharibi ya jiji la Arusha, upande wa Kisongo. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike wa miaka 3, kilo 12 kwa mujibu wa kadi yake ya kliniki. Wa pili alikuwa bibi yake, kilo 61. Bibi aliugulia kidole hadi alfajiri, kulipokucha akawasha moto na kupika uji. Mtoto alilazwa siku tatu, na kwa sehemu kubwa ya usiku ule hakuna aliyethubutu kusema kwamba ataamka salama.

Kisa hiki nakieleza kwa kirefu kwa sababu ni nadra kupata mizani ya wazi namna hii: nge yuleyule, chumba kilekile, dakika zilezile, miili miwili. Huku kwetu mtu akiumwa na nge husikii neno jingine ila "nge haui, anauma tu". Wanaolisema ni watu wazima walioumwa wakapona, na kwa miili yao wanasema kweli. Tatizo ni kwamba neno lao linatumika pia kumhukumu mtoto wa kilo 12, na kwake si kweli. Nilizungumza na bibi, baba mdogo wa mtoto, jirani na muuguzi aliyempokea, nikasoma na maandishi ya hospitali. Majina yao nayaacha, na vituo sivitaji.

Nyumba yenyewe

Familia ilihama mjini kukimbia kodi, ikanunua kiwanja na kuanza kujenga kidogo kidogo. Vyumba viwili vimeezekwa na kutiwa milango, vingine bado pagale. Kuta ni za tofali za saruji bila lipu, na kati ya tofali na tofali kuna nafasi ambazo kidole kinaingia. Mawe yaliyobaki kwenye msingi yalirundikwa nje, chini kabisa ya dirisha la chumba cha watoto, na juu ya mawe zikalazwa mbao za kumwagia zege. Chini ya mlango pana uwazi wa vidole viwili. Watoto walilala kwenye godoro lililowekwa sakafuni. Chandarua kilikuwepo, kimetundikwa vizuri, ila pindo zake ziliachwa zinaning'inia kwa kuwa hapakuwa na kitanda cha kuzichomekea.

Siandiki haya kuisema familia. Nusu ya nyumba mpya za upande ule ziko hivyo, kwa sababu watu wanajenga kwa kadiri pesa inavyopatikana, na lipu huja mwisho. Nayaandika kwa kuwa ukimwomba mtu anayewajua nge akuchoree nyumba wanayoipenda, atachora hiyo hiyo.

Arusha si jangwa, na anayeishi Tengeru au Usa River, kwenye migomba na mifereji, anaweza kumaliza mwaka bila kuona nge. Lakini Mlima Meru, wenye mita 4,562, unakinga mvua. Ukiupita kwenda magharibi kuelekea Monduli, au kaskazini kuelekea Oldonyosambu na Longido, ardhi inabadilika: migunga, vumbi, mawe ya volkano, miezi mingi bila tone. Huko ndiko viwanja vinakopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, na huko ndiko nge walikokuwa wakiishi kabla yetu.

Nge ni kiumbe wa usiku. Mchana hujificha chini ya jiwe, kwenye ufa au kwenye shimo lake. Mvua ya kwanza ikishuka kwa nguvu baada ya kiangazi kirefu, mashimo hujaa maji naye hutoka kutafuta pakavu. Mwaka 2021, mwezi uleule wa Novemba, mvua kubwa na ya mawe ilipiga Aswan, kusini mwa Misri, na karibu watu 500 wakaenda hospitalini kwa kuumwa na nge waliofukuzwa na maji kwenye makazi yao. Huko ni jangwa kweli, na nge wao ni wakali kuliko wa kwetu. Ila mwendo wa jambo ni ule ule: mvua, shimo kujaa, nyumba iliyo wazi, mtu aliyelala chini.

Kilichotokea

Saa 2:40 usiku mtoto alipiga ukelele akashika shavu la mguu wa kulia. Bibi alidhani ni siafu. Akafunua blanketi kwa mkono kutafuta, na hapo akaumwa yeye kwenye kidole cha shahada. Baba mdogo akaja na tochi ya simu, akamwona nge kwenye mkunjo wa blanketi, akampiga kwa kandambili. Halafu akafanya jambo la maana kuliko yote yaliyofanyika nyumbani usiku ule: hakumtupa. Alimtia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka akalifunga.

Nimemwona nge huyo. Rangi yake ni ya majani makavu, urefu kama kidole cha kati, magando membamba kama vibanio vya nyusi, na mkia mnene unaozidi magando mara kadhaa kwa unene. Kwa macho tu huwezi kutaja aina yake, na mimi sitaitaja. Lakini umbo hilo linatosha kuonyesha kwamba huenda anatoka kwenye ukoo unaoitwa Buthidae, ambao ndio wenye karibu nge wote wanaoweza kuua binadamu. Tanzania tunao wa ukoo huo, wakiwemo Parabuthus na Babycurus jacksoni. Wale wakubwa weusi wenye magando mapana mekundu, ambao watoto huwachokoza kwa vijiti, ni wa kundi la Pandinus. Wanatisha kwa sura, magando yao yanabana, lakini sumu yao ni hafifu. Kanuni ya porini ni hii: magando manene na mkia mwembamba, ogopa kidogo, magando membamba na mkia mnene, ogopa sana. Haikosi ubaguzi, ila usiku, mbali na maabara, ni kanuni nzuri.

Jirani mmoja alileta jiwe jeusi. Karibu kila kitongoji kina mtu mwenye nalo. Wakamchanja mtoto kwa wembe, wakalibandika, na juu ya goti wakakaza kipande cha kanga. Bibi naye akabandikwa. Jiwe jeusi ni mfupa wa mnyama uliochomwa. Linanata kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu, na kunata huko ndiko kunakowaaminisha watu kwamba linavuta sumu. Halivuti. Sumu ya nge huingia mwilini kwa dakika chache, wala haikai pale mwiba ulipoingia ikisubiri. Kanga iliyokazwa nayo haikuzuia kitu, ilizidisha tu maumivu na kuunyima mguu damu.

Bibi alisikia moto ukipanda kutoka kidoleni hadi kwapani. Alilia, akatukana, akaomba chumvi, akaomba maji ya moto. Kelele zake zilijaza nyumba. Mtoto, baada ya ukelele wa mwanzo, alianza kutulia. Hapa ndipo nyumba nzima ilipopotoka, na sidhani kwamba nami ningeona tofauti kama nisingefundishwa: anayelia zaidi ndiye aliyehudumiwa zaidi.

Saa 3:10 nywele za mtoto zilikuwa zimeloa jasho, usiku wa baridi. Mate yalikuwa yakimtoka mdomoni bila kukoma, bibi akayafuta kwa kanga. Akatapika mara mbili. Miguu yake ikawa haitulii, anaitupa huku na huku, kisha anakaa kimya, kisha anaanza tena. Baba mdogo akasema tumpe maziwa. Bibi akasema, "Mwacheni alale. Nge haui mtu. Mimi nimeumwa tangu usichana, niko hapa."

Aliyebadilisha mambo ni jirani mwingine, mama mwenye genge barabarani. Aliingia kumpa bibi pole, akamgusa mtoto mikono, akakuta ya baridi na imelowana. Akasema, "Bibi, shikamoo, nisamehe, lakini huyu mtoto hajalala. Huyu anazidiwa." Hakujua lolote kuhusu nge. Alijua tu kwamba mtoto mwenye usingizi mikono yake huwa ya moto. Saa 3:50 walikuwa juu ya bodaboda, baba mdogo amembeba mtoto, kopo mfukoni. Bibi alibaki nyumbani na watoto wengine. Mama wa mtoto alikuwa safarini.

Sumu ilikuwa inafanya nini

Sumu ya nge wa ukoo ule ina protini ndogo zinazoshika mishipa ya fahamu. Kila mshipa wa fahamu una vijimlango vya kupitisha sodiamu, hufunguka na kufunga kwa kasi ili taarifa ipite. Sumu huvifanya vikawa kama mlango uliokwama wazi: taarifa inapita, inapita tena, haisimami. Mishipa inayoamuru jasho inaamuru jasho bila kipimo, ya mate vilevile. Tezi zinazotoa adrenalini zinaimwaga kwenye damu. Mishipa ya damu inajibana, presha inapanda, mikono na miguu inapoa, moyo unalazimika kusukuma dhidi ya ukuta. Moyo mdogo ukichoka, maji hurudi nyuma na kujaa kwenye mapafu. Wanaokufa kwa nge wengi hufa kwa hilo, au kwa misuli ya kupumulia kushindwa kazi.

Kiasi cha sumu ambacho nge hutoa hakijali aliyeumwa ana ukubwa gani. Tukichukulia kwamba bibi na mtoto walipata kiasi sawa, kwa kila kilo ya mwili mtoto alipata mara tano ya alichopata bibi. Tena kuna sababu ya kudhani hawakupata sawa. Mtoto aliumwa kwanza, bibi akapata kilichobaki kwenye mkia. Haya ndiyo maelezo yote ya tofauti ya usiku ule. Bibi hakuwa na damu kali wala dawa ya mababu. Alikuwa na kilo 61 na zamu ya pili.

Zahanati

Nyumba ya muuguzi iko uani mwa zahanati. Aligongewa saa 4:15. Ni dada wa miaka ishirini na kitu, peke yake zamu ya usiku, na alikuwa hajawahi kupokea mtoto aliyeumwa na nge akiwa na dalili za mwili mzima. Nilipomwuliza alijuaje la kufanya, alisema, "Sikujua nge. Nilihesabu tu."

Alihesabu pumzi: 48 kwa dakika. Alihesabu mapigo: 168. Aliona jasho, mate, mikono ya baridi. Akafungua kile kipande cha kanga. Akamlaza ubavu ili mate yatoke nje badala ya kuingia kwenye njia ya hewa, akampa dawa ya maumivu kwa njia ya haja kubwa kwa sababu mdomoni asingeweza kumeza. Akapiga simu hospitali ya rufaa kuwaambia mgonjwa anakuja na tatizo ni lipi. Halafu akatafuta gari.

Nataka kukaa kidogo kwenye mambo mawili ambayo hakuyafanya, maana kutoyafanya kulimwokoa mtoto sawa na aliyoyafanya. Hakumtundikia dripu. Katika zahanati zetu mtoto aliyetapika na kulegea anatundikiwa dripu hata kabla hajaulizwa jina, na mara nyingi ni sawa. Kwa mtoto huyu, ambaye moyo wake ulikuwa tayari unashindwa kuyasukuma maji yaliyopo, chupa ya maji kwa kasi ingemalizia kazi ya nge. Na hakumchoma sindano ya kumtuliza. Baba mdogo aliomba "sindano ya usingizi" kwa vile mtoto alikuwa hatulii. Mtoto ambaye misuli yake ya kupumulia inayumba ukimlaza kwa dawa, unaweza kumlaza moja kwa moja.

Kilichokosekana kilikuwa oksijeni. Zahanati haina mtungi wala mashine ya kuizalisha. Na kilichokosekana zaidi kilikuwa usafiri: mpango wa magari ya dharura unaofanya kazi vizuri kwa wajawazito na watoto wachanga haumhusu mtoto wa miaka 3. Muuguzi alimwamsha dereva wa Noah anayeishi jirani, akafunga zahanati, akapanda naye. Waliondoka saa 4:40. Njia ya vumbi ilikuwa imegeuka tope hadi kwenye lami.

Baba mdogo alitaka waelekee Meserani, kwenye bustani ya nyoka, kwa kuwa watu wote wa ukanda ule wanajua kwamba pale pana kliniki inayotibu walioumwa na nyoka na kwamba wamewatibu Wamasai wengi bila malipo. Ni wazo ambalo mtu yeyote mwenye mapenzi na mtoto angelipata. Muuguzi alikataa, na alikuwa sahihi: dawa ya sumu ya nyoka haifanyi chochote kwa sumu ya nge, na mtoto alihitaji oksijeni na daktari wa watoto. Dawa ya kupambana na sumu ya nge hutengenezwa kwa nge wa mahali husika. Afrika Kusini wanayo ya nge wao wa Parabuthus, Meksiko wanayo ya nge wao. Ya nge wetu hatuna.

Hospitali

Saa 5:25 mtoto aliwekwa oksijeni. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 88. Pumzi zilikuwa zimefika 56, mapigo 176, presha 140 kwa 95, ambayo kwa mtoto wa umri ule ni presha ya kutisha. Daktari alisikia mapafu yakichemka kwa chini pande zote mbili. Baba mdogo akatoa kopo. Daktari alilifungua, akatazama mkia, akaacha kuwaza malaria na nimonia.

Dawa aliyoitaka ni prazosini, dawa ya zamani ya presha inayolegeza mishipa ya damu. Haikuwepo wodini, baba mdogo akaikuta kwenye duka la dawa la tatu. Kipimo ni mikrogramu 30 kwa kila kilo, hivyo kidonge cha miligramu 1 kilisagwa na kupimwa, mtoto akapewa kwa mpira wa puani, na tena kila baada ya saa 3. Nyayo za miguu zikaanza kupata joto karibu na saa 8 usiku. Asubuhi mapafu yalikuwa makavu. Siku ya tatu aliomba chapati.

Matumizi ya dawa hiyo kwa nge hayakuanzia kwenye hospitali kubwa. Himmatrao Bawaskar alikuwa daktari wa kituo cha afya huko Mahad, jimbo la Maharashtra nchini India, akiona watoto wa wakulima wakifa kwa maji kwenye mapafu baada ya kuumwa na nge mwekundu. Alikaa nao usiku kucha, akipima presha na mapigo na kuandika. Kutokana na maandishi hayo alielewa kwamba kinachoua ni mishipa iliyojibana, akajaribu prazosini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vifo miongoni mwa waliofika hospitalini na dalili kali vilikuwa karibu 30 katika kila 100, vikashuka hadi chini ya 4. Mwaka 2022 nchi yake ilimpa nishani ya Padma Shri. Mtoto wa Kisongo yuko hai kwa sehemu fulani kutokana na daftari la Mahad.

Walivyoandikwa

Baada ya yote hayo, nilitafuta nge kwenye takwimu. Zahanati ilimwandika mtoto kwenye kitabu cha MTUHA namba 5, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, kwenye mstari unaochanganya kuumwa na nyoka na wadudu. Nge si mdudu wala si nyoka, ana miguu minane na ni wa jamii ya buibui na kupe, lakini hilo si kosa la muuguzi, alijaza kilichopo. Hospitali ilimwandika kwa kilichomlaza, yaani maji kwenye mapafu. Neno nge limebaki kwenye maelezo ya historia, kwenye jalada la karatasi. Bibi hakuandikwa popote, kwa kuwa hakwenda popote. Kwa hiyo usiku ambao nge aliuma watu wawili na nusura aue mmoja, kwenye takwimu nge walikuwa sifuri.

Hili linanikera kuliko jiwe jeusi. Mwaka 2008 watafiti Chippaux na Goyffon walikadiria kwamba duniani watu wapatao milioni 1.2 huumwa na nge kila mwaka na zaidi ya 3,000 hufa, wengi wao watoto. Walitaja maeneo saba yenye hatari: kaskazini mwa Sahara, Saheli, Afrika Kusini, Mashariki ya Kati na ya Karibu, kusini mwa India, Meksiko, na Amerika ya Kusini mashariki ya Andes. Afrika Mashariki haimo. Huenda nge wetu kweli ni wapole kuliko wa huko. Lakini huwezi kujua kwa kutazama kitabu ambacho hakina mahali pa kuandika nge. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, baada ya miaka mingi ya watu kuhesabu na kupiga kelele. Nge hana mstari wake kwenye orodha hiyo.

Moroko walichagua kuhesabu. Kituo chao cha kudhibiti sumu kilichopo Rabat kilikusanya taarifa za walioumwa nchi nzima, makumi ya maelfu kila mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ikaacha kutegemea dawa ya kupambana na sumu, ikaweka nguvu kwenye kumtambua mapema mgonjwa atakayezidiwa na kumfikisha penye oksijeni na wodi ya mahututi. Walichowapa wahudumu wa vituo vidogo ni madaraja matatu yanayoweza kukaririwa. Daraja la kwanza: maumivu, uvimbe, ganzi pale alipoumwa tu. La pili: dalili yoyote ya mwili mzima, kama jasho, kutapika, mate, presha kupanda, na kwa wavulana uume kusimama wenyewe. La tatu: moyo, mapafu au fahamu kushindwa. Wa daraja la kwanza anapewa dawa ya maumivu na kuangaliwa kwa saa kadhaa. Wa daraja la pili, hasa mtoto, anaondoka pale pale.

Ukiwapima watu wetu wawili kwa madaraja hayo, bibi alikuwa wa kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliingia la pili saa 3:10, nusu saa baada ya kuumwa, akiwa nyumbani. Aliondoka nyumbani saa 3:50. Dakika hizo 40 zilipotea kwa neno "nge haui", na kufika hospitalini alikuwa ameshagusa daraja la tatu. Hakuna dawa ya kisasa inayohitajika kuzirudisha dakika hizo 40. Inahitajika bibi aliyeambiwa mapema, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio wanaofika kwenye vibaraza vya mabibi.

Bibi mwenyewe alistahili zaidi ya alichopata. Zahanati ilikuwa na dawa ya ganzi kabatini. Sindano ndogo kwenye shina la kidole ingemwondolea maumivu kwa dakika chache, naye akalala. Wengi wa wanaoumwa na nge ni kama yeye: hawatakufa, lakini wanateseka usiku kucha bila sababu, wakidhani hakuna tiba.

Nyumba ile sasa

Baba mdogo aliyahamisha mawe mwenyewe siku mtoto aliporudi. Chini yake alikuta nge wengine wanne. Kisha wakala wa fedha wa pale barabarani akamwazima taa ya zambarau anayokagulia noti, wakaizungusha ukutani usiku. Mwili wa nge hung'aa rangi ya kijani chini ya mwanga huo, na mtu asiyewahi kuona anashtuka: kwenye ufa mmoja juu ya dirisha alikuwepo mwingine, mdogo, aking'aa. Ni njia rahisi kuliko zote za kukagua chumba kabla watoto hawajalala, ila usimshike kwa mkono na usimpige juu ya kitanda. Lipu imepigwa kwenye chumba cha watoto peke yake, kwa pesa iliyokuwa ya madirisha. Chini ya mlango imegongewa raba ya tairi. Kitanda cha mbao kimeletwa na ndugu wa mama, kimesogezwa mbali na ukuta, na chandarua sasa kinachomekwa chini ya godoro pande zote. Viatu vinakung'utwa.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na daktari wa hospitali hatujakubaliana. Yeye anaona zahanati za ukanda mkavu zipewe prazosini na ruhusa ya kutoa dozi ya kwanza kabla ya safari, kwa kuwa vidonge ni vya bei ndogo na saa moja ya barabarani ni ndefu kwa moyo wa mtoto. Hoja yake ina nguvu, maana dawa hiyo ilijulikana kupitia kituo kidogo cha afya. Mimi naona bado. Prazosini inaweza kuiangusha presha ghafla, hasa mtoto akiinuliwa na kupakatwa kwenye gari linalorukaruka, na zahanati ile haina hata mkanda wa kupimia presha unaoenea mkono wa mtoto. Muuguzi hawezi kutoa dawa ya presha kwa presha asiyoipima. Nimependekeza ianze mikanda ya watoto na mashine ya oksijeni, kisha mafunzo ya yale madaraja matatu, na kidonge kifuate. Daktari ameniuliza nitamwambia nini mama wa mtoto atakayefia njiani kabla mashine haijafika. Sina jibu la kumtosha. Barua ya kuomba mikanda na mashine tumeiandika pamoja, na mstari wa mwisho wa barua ni wake, unaomba vidonge.